Namibia na Mtambo wa Barafu wa Kolmanskop

Namibia iko kusini-magharibi mwa Afrika, ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 825,000 na, kwa sensa ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 3, nayo ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Mji mkuu ni Windhoek. Wananchi hufuga, huvua na kuchimba madini. Takwimu nyingine zimo katika vitabu vya jiografia, na mgeni anayefika bandari ya Lüderitz huzisahau mara aonapo Kolmanskop, mji mahame ulioko kilomita kama 10 kutoka hapo, katikati ya jangwa la Namib.

Chanzo cha mji huo ni mwaka 1908, pale Zacharias Lewala, kibarua wa reli aliyewahi kufanya kazi Kimberley na kwa hiyo akaijua almasi kwa macho, alipookota jiwe mchangani akampelekea msimamizi wake Mjerumani, August Stauch. Stauch alitajirika, Lewala hakutuzwa. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikalifunga eneo zima na kuliita Sperrgebiet, yaani eneo la marufuku.

Watalii huonyeshwa hospitali iliyokuwa na mashine ya eksirei, ukumbi wa burudani, na nyumba ambazo mchanga umeingia vyumbani hadi kuzuia milango isifungike. Picha za nyumba hizo zimeenea duniani, na huenda zimeenea kupita kiasi, kwa sababu ajabu ya Kolmanskop ni kiwanda cha barafu. Katika mahali ambapo maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town, Wajerumani waliyagandisha maji hayo na kuyagawa nyumba kwa nyumba, kila siku, bila malipo. Mitambo ya enzi ile ilitumia gesi, aghalabu amonia, iliyoshindiliwa hadi ikawa kimiminika, kisha ikaachiwa katika mabomba, ambamo ilirudi kuwa gesi huku ikinyonya joto la vilivyoizunguka. Mabomba hayo yalipita katika birika la maji ya chumvi, ambayo hubaki majimaji hata yakipoa kupita kiwango cha kuganda maji ya kawaida, na ndani ya birika vikazamishwa visanduku vya bati vyenye maji matamu, yakatoka mabonge. Mgao huo, hata hivyo, ulikuwa wa nyumba, ilhali vibarua wa Kiovambo, waliokuwa wengi kuliko Wajerumani, walilazwa kambini.

Almasi kubwa zaidi zilipopatikana kusini, watu walihama, na kufikia mwaka 1956 mji ulikuwa mtupu. Katika miaka ya 1980 kampuni ya De Beers ilikarabati baadhi ya majengo, na leo mgeni hulipia kibali ili kuyaona. Tanzania nayo ina Sekenke, mgodi wa dhahabu wa mkoani Singida ulioanza mwaka 1909 chini ya Wajerumani haohao, na dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu zenye picha ya tembo huko Tabora mwaka 1916. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Singida wamewahi kupelekwa kuutazama, na ni nani aliyefikiri kumtoza mtalii kiingilio hapo?

Anayekwenda Kolmanskop afike asubuhi, kwa kuwa mchana upepo hupuliza mchanga machoni, na amwombe mwongozaji aanzie kwenye barafu.