Sumu ya Muhogo na Kazi ya Ini

Kila jioni katika nyumba zetu nyingi bugali wa muhogo huwekwa katikati ya jamaa, na watoto hunawa mikono kwa furaha. Ni nani kati yetu afikiriye ya kuwa mzizi ule ulitoka shambani na sumu ndani yake, na ya kuwa miili yetu imepewa njia ya kuishinda? Tuieleze habari hii polepole, kwani itamfaa kila mama na kila mwanafunzi.

Muhogo, hasa ule mchungu, una kitu kiitwacho linamarini. Mzizi ukipondwa au ukilowekwa hata ukalainika, linamarini huvunjika na kutoa sianidi, sumu iliyo kali sana. Sehemu kubwa ya sumu hiyo huchukuliwa na maji, nyingine hupaa hewani. Ndiyo sababu wazee wetu walizamisha muhogo mchungu mtoni siku tatu au nne, kisha wakauanika juani. Jina la sumu hawakulijua, lakini namna ya kuiondoa waliijua vema.

Hata hivyo, kiasi kidogo chaweza kubaki katika unga. Hapo mwili huanza kazi yake. Chakula kikiisha kusagwa tumboni, damu hukipeleka kwanza kwenye ini. Ini ni mfano wa karakana kubwa: vitu vigeni, kama kwinini na dawa nyingine, hubadilishwa humo ili viyeyuke upesi katika maji, halafu mafigo huvichuja na kuvitoa pamoja na mkojo. Kwa sianidi, ini lina mtumishi wa pekee, kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho Mjerumani Konrad Lang alikieleza mwaka 1933. Mtumishi huyu hutwaa salfa, huiunganisha na sianidi, na kitu kinachotokea ni thiosianeti, ambacho ukali wake ni mdogo sana, nacho hutoka katika mkojo.

Lakini salfa hiyo yatoka wapi? Yatoka katika protini za chakula chetu: samaki, nyama, mayai, na maharagwe pia. Basi mtu alaye muhogo mtupu siku hata siku, mtumishi wa ini lake yupo kazini, ila mikono yake ni mitupu. Sumu husalia mwilini.

Matokeo yake ni ya kusikitisha. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu aliyekuwa mzima huona kwa ghafula miguu yote miwili imekakamaa. Watoto na wanawake ndio wanaopatwa zaidi, na miguu hiyo hairudi tena kuwa kama zamani. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa na ugonjwa huo huo katika jimbo la Nampula, nchi ya Msumbiji. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 1992 ulionyesha ya kuwa katika Bandundu watu walifupisha siku za kuloweka muhogo, ili upate kufika sokoni upesi. Haraka ya kupata fedha iliwalemaza watoto.

Enyi wazazi, tufanye nini? Kwanza, tusipunguze siku za kuloweka, hata kama njaa inabisha mlangoni au mnunuzi anangoja na gari lake. Pili, tukiona shaka juu ya unga, kuna njia nyepesi iliyofundishwa na Howard Bradbury wa Australia: changanya unga na maji, uutandaze kwa tabaka nyembamba, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo uupike siku ile ile. Sumu iliyosalia hupaa hewani. Tatu, pembeni ya bugali tuweke ndagala au maharagwe, ijapokuwa kidogo.

Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani msaidieni mama kubeba muhogo hadi mtoni, wala msimhimize autoe kabla ya siku zake. Ini lafanya kazi yake usiku na mchana bila kuonekana. Kazi ya mtoni ni yetu sisi.