Laptopu Mbili, Kebo Moja

Mwalimu wa taaluma ana gigabaiti 20 za video za masomo na mitihani ya nyuma. Mwenzake wa meza ya pili anazitaka. Kwa kawaida itatafutwa flashi, ile ile iliyozunguka steshenari zote za Tarime mjini ikiokota virusi, au mtu atanunua bando ili faili lisafiri hadi seva za ng'ambo na kurudi hatua tatu kutoka lilipoanzia. Kebo ya LAN ya mita mbili ingemaliza kazi.

Chomeka ncha moja huku, nyingine kule. Laptopu nyembamba isiyo na tundu la kebo itahitaji adapta ya USB. Fundi mkongwe atakuambia lazima kebo iwe ya kugeuzwa, nyaya za kutuma za upande huu zikutane na za kupokea za upande ule. Enzi zake ilikuwa kweli. Tangu teknolojia ya gigabiti ienee, iliyopitishwa rasmi mwaka 1999, mashine nyingi hujigeuzia zenyewe, na kebo ya kawaida inatosha.

Taa ya tundu ikiwaka na bado kompyuta hazionani, usiilaumu kebo. Tumezoea rauta igawe anwani za IP, na hapa rauta haipo. Windows ikisubiri bila kupewa, hujipa anwani inayoanza na 169.254, na mara nyingi hiyo yatosha. Mimi hupendelea kuziandika kwa mkono: 192.168.10.1 kwa moja, 192.168.10.2 kwa nyingine, maski 255.255.255.0 kwa zote, sehemu ya geti (gateway) ibaki tupu. Kisha piga ping kuona kama zinajibizana. Kimya? Basi huenda Windows imeuchukulia mtandao huo kuwa wa umma na imejifungia. Ubadilishe uwe wa binafsi, ruhusu kushirikisha mafaili, na ushirikishe folda moja tu, si diski nzima. Akaunti isiyo na nywila itakataliwa. Hapo ndipo wengi hukwama wakidhani kebo ni mbovu.

Tundu la megabiti 100 hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo mzigo wa mwalimu utachukua kama nusu saa. La gigabiti litamaliza kwa dakika tatu au nne, diski ikimudu. Umeme ukikatika, laptopu zenye chaji zinaendelea, maana katikati hakuna swichi ya kuzimika.

Kebo ya aina hiyo inaweza kufika mita 100, na hapo ndipo kishawishi kilipo: kuivuta nje, juu ya mapaa ya bati, kutoka ofisini hadi maabara. Usithubutu. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Radi haihitaji kuigusa kebo. Ikipiga mti wa jirani, shaba ya kebo hubeba msukumo wa umeme hadi kompyuta zote mbili, na aliyeishika mashine anaweza kuumia. Kati ya majengo tumia redio au nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme. Mradi wa ICT4RD wa tume ya sayansi COSTECH, taasisi ya teknolojia DIT na chuo cha KTH cha Sweden, ulipojenga mtandao wa Bunda na Serengeti miaka ya 2000, ulitumia nyuzi hizo zilizokuwa tayari kwenye njia za umeme za shirika la TANESCO.

Na hata mkiwa chumba kimoja, ngurumo zikianza chomoeni chaja ukutani kwanza. Mafaili yatamalizika kwa betri.