Lala Baraka usiku mbili kabla ya kupanda Fizi

Anayetoka Uvira kwenda Kalemie kwa barabara ya taifa namba 5 hufika Baraka akiwa amechoka kuliko anavyodhani. Ni kilomita 90 hivi, lakini ni za mashimo, vumbi, mito inayofurika mvua zikinyesha, na vizuizi ambapo watu hushuka na kusubiri. Msafiri amekaa juu ya mizigo ndani ya Fuso, au nyuma ya pikipiki, mtoto akiwa amebanwa katikati. Na njia iliyobaki mbele ni ngumu zaidi. Barabara inaliacha Ziwa Tanganyika, inapanda milima hadi Fizi, halafu inaendelea Lulimba na Misisi. Mchuuzi, mwanafunzi, muuguzi anayekwenda kituo kipya, familia inayohama: wote nawashauri walale Baraka usiku mbili, na siku ya katikati wasipande chombo chochote, isipokuwa hali ya usalama iwalazimishe kuondoka.

Sababu ya kwanza ni usingizi. Imepimwa kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kuona hatari na kuikwepa kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ni marufuku kuendesha gari. Aliyeamka saa tisa usiku ili awahi gari anafikia hali hiyo saa mbili usiku unaofuata, hata kama hajagusa tone la pombe. Abiria anaweza kusinzia, lakini dereva wa pikipiki hawezi, na huyo ndiye anayepanda mlima akiwa na roho za watu nyuma yake.

Kwa nini usiku mbili? Usiku wa kwanza baada ya kukosa usingizi, mwili hurudisha kwanza usingizi mzito, ule unaomfanya mtu asisikie hata mvua kwenye mabati. Usingizi wa ndoto, ambao ubongo unauhitaji kwa kumbukumbu na utulivu wa moyo, hulipwa zaidi usiku wa pili. Ndiyo maana mtu anayelala mara moja tu na kuondoka alfajiri hujiona mzima, kisha mchana anagombana na kila mtu njiani. Bia nayo haimsaidii. Humlaza haraka, lakini humwamsha katikati ya usiku na kumpunguzia maji mwilini.

Sababu ya pili iko miguuni. Damu ya miguu hurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya vigimbi kila tunapotembea. Ukikaa magoti yamekunjwa kutwa nzima, damu hutuama na miguu huvimba. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda katika mishipa ya ndani. Hatari yenyewe ni ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000, ila ni kubwa zaidi kwa mjamzito, kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango na kwa aliyewahi kuganda damu. Kwa hiyo kupumzika hapa si kujilaza kitandani tangu asubuhi hadi jioni. Tembea mpaka sokoni, rudi, inua miguu, tembea tena jioni. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, mwingine ukiwa salama, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wazee wa misafara walijua umuhimu wa kupumzika bila vipimo. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe na vitambaa kati ya pwani na Ujiji katika karne ya 19, walianza mwendo alfajiri na kutua mizigo kabla jua halijawa kali, na tajiri aliyetaka kuwakatalia siku za kukaa kambini alijikuta hana wa kumbebea. Baadhi ya mapumziko yalikuwa marefu. Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke walikaa Kaze, karibu na Tabora, kwa zaidi ya mwezi mmoja mwaka 1857. Hata hivyo walipofika Ujiji Februari 1858, Burton hakuweza kutembea vizuri na Speke alikuwa karibu kipofu. Miezi miwili baadaye walipita kwa mtumbwi kwenye Ubwari, rasi inayoikinga ghuba ya Baraka, wakielekea Uvira, na Burton akaiandika kuwa ni kisiwa.

Nawataja kwa sababu moja: kupumzika hakuzuii malaria wala ugonjwa wa macho. Mwanamapinduzi Che Guevara, aliyekuwa daktari kwa masomo, alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba, katika ardhi hii ya Fizi, Aprili 1965, na haukupita muda mrefu homa kali ikamlaza. Faida ya siku ya kukaa ni kwamba unapata nafasi ya kuuchunguza mwili wako. Njiani, maumivu ya kichwa husingiziwa jua, na kutetemeka husingiziwa upepo wa pikipiki.

Hata wavuvi wa hapa wana siku zao za kukaa. Ndakala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi mpevu ukiangaza, samaki hawaifuati taa, basi nyavu huanikwa na kushonwa. Jirani na wavuvi hao msafiri hupata ndakala, sombe na bukari ya moto, chakula chenye chumvi na protini ambazo jasho na njaa ya njiani vimemwondolea.

Maji ndiyo ya kuogopa zaidi. Ukanda huu wa ziwa, kuanzia Uvira hadi Kalemie, umezoea kipindupindu kwa miaka mingi. Usinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja; juu ya meta 2,000, kama kwenye milima ya Itombwe, yaache dakika tatu. Ukianza kuhara, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, unywe huku ukitafuta kituo cha afya. Kuoga ziwani penye majani na konokono kunaleta kichocho, hata maji yakionekana safi kama kioo.

Ukipata homa siku hiyo ya mapumziko, usiamini kwamba ni uchovu, na usipande gari kwanza. Malaria kali huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 tangu kuumwa na mbu, kwa hiyo homa ya Baraka yaweza kuwa ya mbu wa mji ulioupita juma lililopita. Pimwa damu hapohapo Baraka, na umwambie muuguzi kila mahali ulipolala katika majuma mawili yaliyopita.