Benki Ilifungwa, Deni Likabaki

 

Safari hii sianzi na malaria wala mambo ya ujana. Naanza na kikaratasi nilichokikuta ndani ya sanduku la maswali, tulipopita na kipindi cha afya katika shule moja ya sekondari huku Mbinga. Hakikuwa na jina. Aliyeandika alisema kwao wanadaiwa. Wakija watu wa marejesho, mama yake huingia shambani, na yeye ndiye hutumwa mlangoni kusema mama hayupo. Usiku hapati usingizi. Akauliza kama kutolala huko ni ugonjwa.

Mwenzangu mmoja alitaka tuliweke pembeni, eti hilo ni swali la watu wa benki. Mimi nasema ni la afya kabisa. Mwili haujui tofauti kati ya hofu ya deni na hofu ya chui. Moyo unakwenda mbio, usingizi unakatika, tumbo linavuruga, kichwa kinagonga. Ikiwa ni siku mbili, inapita. Ikiwa ni miezi, mtu mzima anaweza kupata shinikizo la damu, au akaanza kushinda kilabuni ili asahau. Na wewe mwanafunzi unajikuta unasoma ukurasa mmoja mara nne bila kuambulia kitu. Walioipa mikopo ya mtaani jina la "kausha damu" walijua wanachosema.

Basi tuzungumze juu ya deni, hasa lile la zamani ambalo nyumbani halitajwi tena.

Je, deni linakufa lenyewe?

Wapo watakaokuambia kwamba deni likikaa sana linakufa. Mfano wa kuwajibu tunao hapa hapa. Mbinga Community Bank ilikuwa benki ya wananchi, yenye makao yake hapa Mbinga. Mwezi Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni kwa sababu mtaji wake ulikuwa umepungua mno. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wenye akiba walilipwa fidia ya bima, ambayo wakati huo haikuzidi shilingi 1,500,000 kwa mtu mmoja. Januari 2018 benki nyingine tano zilifungwa, zikiwemo za Njombe, Meru na Kagera.

Sasa fikiria mtu aliyekuwa amekopa pale. Aliona mlango umefungwa, akashukuru Mungu. Alikosea. Mkopo ni mali ya benki kama ilivyo meza na kiti, na mfilisi kazi yake ni kukusanya mali zote ili walioweka fedha na wadai wengine walipwe. Deni lilibadilisha mwenyewe tu. Wazee wa kahawa wanaokumbuka jinsi chama kikuu cha ushirika, MBICU, kilivyoanguka miaka ya 1990 watakuambia kwamba chombo kikivunjika, hesabu zake hubaki zikimtafuta mtu wa kuzibeba.

Linaanzaje?

Mara nyingi mkopaji si mvivu wala mlevi, ila amepewa mkopo wenye kalenda isiyo yake. Mkulima wa Kitura au Litembo hupata mshiko wa maana mara moja kwa mwaka, kahawa ikishauzwa. Mvuvi wa Mbamba Bay au Liuli hutegemea siku za giza, kwa sababu usipa huvutwa na taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Halafu mtu huyo anachukua mkopo wa kurejesha kila Jumatatu. Jumatatu tatu za kwanza analipa kwa fedha ile ile aliyokopa. Ya nne anauza kuku. Ya tano anajificha.

Kuna na magoma. Ukitokea huku huhitaji maelezo, lakini gazeti hili linasomwa na wengine pia. Magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya shida. Kule Kagera huita butura. Serikali inaipiga vita, lakini inaendelea kimya kimya kwa sababu ada ya shule na mgonjwa havingoji msimu. Piga hesabu uone. Tuseme mwezi wa pili dingi anachukua shilingi 100,000, kwa makubaliano ya kilo moja kwa 2,000. Atatoa kilo 50. Msimu ukifika na kilo ikawa 6,000, kilo zile 50 zina thamani ya 300,000. Kwa miezi sita hivi amelipa mara tatu ya alichopewa, na hakuna mahali palipoandikwa neno riba!

Mkopeshaji halali ni tofauti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe na leseni, na kwa kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea akiba, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 100,000 hiyo ni 3,500. Mtu akikudai 20,000 kwa mwezi, muulize leseni yake iko wapi, halafu mwangalie usoni.

Jina lako linaandikwa wapi?

Zamani mtu aliyeshindwa kulipa Songea alihamia Mbeya, akaanza upya. Siku hizi haiwezekani. Tangu mwaka 2013 kuna kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu kutunza taarifa za wakopaji wa nchi nzima, Creditinfo na Dun & Bradstreet zikiwa za kwanza. Benki hupeleka huko habari za kila mkopo: nani amekopa, kiasi gani, analipa au halipi. Mkopo uliokaa muda mrefu bila kulipwa huitwa mkopo chechefu. Ukienda benki nyingine kuomba, wanafungua kompyuta na kukuona ulivyo.

Kumbuka kwamba wanaona pia mema. Aliyekopa 50,000 akalipa kwa wakati ana sifa nzuri kuliko ambaye hajawahi kukopa, kwa sababu huyu wa pili hawamjui. Kikundi cha kijijini nacho kina daftari lake, na nadhani daftari hilo ndilo kali zaidi, maana wanaolisoma ni majirani.

Deni la zamani linatibiwaje?

Hapa naomba utulie, kwa sababu unaweza kuwa wewe ndiye msomi wa kwanza nyumbani kwenu kuelewa karatasi hizi, na wazazi wakakutegemea.

Kwanza ni kujua nani anadai leo. Kampuni inaweza kuwa imeungana na nyingine, benki inaweza kuwa chini ya mfilisi, kikundi kinaweza kuwa na viongozi wapya. Usilipe kwa mtu aliyepiga simu tu akasema yeye ni wakala, hasa akitaka fedha iingie kwenye namba yake mwenyewe.

Ukishamjua mdai halisi, mwombe taarifa ya deni kwa maandishi, ikionyesha mkopo wenyewe, riba, faini na yaliyokwisha kulipwa. Hapo ndipo wengi hushangaa. Stakabadhi zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari zinaweza kuonyesha marejesho ambayo hayakuingizwa. Zitafute kabla panya hawajazimaliza.

Kisha ni mazungumzo, na watu wengi wanayaogopa bure. Mdai anajua deni la miaka mingi ni gumu kukusanya. Anaweza kukubali kusamehe faini ukilipa mkopo wenyewe, au kupanga upya malipo. Usiahidi usichoweza ili uondoke salama ofisini. Mama akisema atalipa 20,000 kila mwezi huku fedha yake inakuja msimu wa kahawa, baada ya miezi miwili anarudi kule kule mafichoni. Aseme kweli: kidogo sasa, kikubwa kahawa ikiuzwa. Makubaliano yaandikwe na yasainiwe, na kila malipo yawe na risiti.

Kuna jambo la kisheria ambalo ni la kujua kabla ya kusaini. Kwa deni la mkataba wa kawaida, Sheria ya Ukomo inampa mdai miaka 6 kufungua kesi. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, au akilipa sehemu yake, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya. Penye nyumba au shamba lililowekwa rehani muda ni mrefu zaidi. Sikuambii haya ili mzee akae akihesabu miaka kama mfungwa, kwani hata kesi ikishindikana jina linaweza kubaki na doa. Nakuambia ili deni likiwa la miaka mingi, muende kwanza kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na msaada wao kwa asiye na uwezo ni bure. Afisa maendeleo ya jamii anaweza kuwaelekeza waliko.

Na jamani, msikope kwa kausha damu ili kulipa benki. Hiyo ni kumfukuza fisi kwa kumkaribisha chui.

Deni likiisha, kazi haijaisha. Omba barua ya kuthibitisha kwamba limemalizika, na hati yoyote iliyowekwa dhamana irudishwe mkononi. Umwambie mkopeshaji apeleke taarifa mpya kwenye kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji. Baadaye ombeni ripoti ya jina lenu mwone kama imerekebishwa. Ikiwa na kosa, mna haki ya kulipinga. Historia haifutiki siku hiyo hiyo, ila "alichelewa akamaliza" ni tofauti sana na "hajalipa". Anayejitapa kwamba kwa 30,000 atalifuta jina kwenye kompyuta ni tapeli, basi.

Wenzetu wa Kenya walijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa. Novemba 2022 Benki Kuu yao ilitangaza mpango ambao wakopeshaji walisamehe nusu ya mikopo chechefu ya simu, mdaiwa akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa nusu iliyobaki. Ulihusu watu zaidi ya milioni 4. Unaona? Hata wakubwa walikubali kwamba nusu inayolipwa ni bora kuliko nzima inayokimbiwa.

Na wewe mwanafunzi, unahusikaje?

Unahusika sana. Kama hujatimiza miaka 18, huwezi kufungwa na mkataba wa mkopo, na deni la mzazi si deni lako. Ukishatimiza 18 ukapata namba ya NIDA, tahadhari. Mjomba atakuja na maneno matamu, usajili laini kwa kidole chako aitumie yeye. Laini hiyo inaweza kukopa. Mikopo ya simu ilianza nchini na M-Pawa mwaka 2014, na sasa iko mingi. Akikopa asilipe, jina linalochafuka ni lako, na hujashika hata senti.

Kuna na programu za simu zinazotoa mkopo kwa dakika tano, halafu ukichelewa zinatuma ujumbe wa aibu kwa kila mtu aliye kwenye simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali na kuzipiga marufuku. Nyingine huzaliwa kwa jina jipya. Noma tupu.

Ukifika chuo kikuu ukapata mkopo wa Bodi, hilo nalo ni deni halisi. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako hukatwa hadi liishe. Mimi nakatwa, nalipa, nalala.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja zito hadi hapa. Dada zetu, wapo wadai wanaomwambia mama kwamba deni linaweza kusahaulika kama binti atapeleka hayo marejesho mwenyewe, jioni, peke yake. Unaelewa wanachotaka. Hilo si deni tena, ni kosa la jinai, na hakuna kiasi cha fedha kinacholihalalisha. Usiende. Mwambie mwalimu wa malezi, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure. Kaka pia, ukiona dada yako anatumwa hivyo, sema.

Na wewe uliyeandika kile kikaratasi. Kutolala kwako si wendawazimu, wala hujalogwa. Ukiendelea wiki nyingi, au ukianza kufikiri ni heri usingekuwepo, nenda zahanati ukawaeleze, wala usione haya. Kuhusu mlangoni, mwombe mama siku akiwa na nafasi, labda mnapochuma kahawa pamoja, mkae mwandike kwenye daftari anadaiwa na nani na kiasi gani. Wewe andika, yeye ataje. Halafu watu wa marejesho wakija, atoke yeye na daftari hilo mkononi, na wewe ukae ndani na kitabu chako. Tutapita tena shuleni kwenu muhula ujao, na sanduku ni lile lile.