Usiuze mayai yote: Chapati za maji zitamfaa mtoto kuliko mkate

MAMA mmoja alimleta binti yake wa miaka tisa katika kliniki yangu akiwa na barua ya mwalimu. Barua ilisema msichana huyo husinzia darasani kila ifikapo saa nne asubuhi. Nilimpima malaria, nikaagiza choo kipimwe minyoo, vyote havikuwepo. Damu yake ilikuwa imepungua kidogo tu.

Nilipouliza mtoto hula nini kabla ya kwenda shule, mama alijibu haraka: "Chai na mkate, daktari." Kisha akatoa mkobani mkebe wa unga wa protini uliotoka ng'ambo, akataka kujua kama unafaa. Alikuwa ameununua kwa pesa zilizokusudiwa sare ya shule.

Katika kuzungumza, nikapata kujua kwamba nyumbani wanafuga kuku.

"Na mayai je, mama?"

"Mayai ni ya kuuza, daktari. Ndiyo tunanunulia mkate."

Nakiri kwamba sikupata jibu mara moja, kwa sababu mama huyu si wa kulaumiwa. Kuna nyumba nyingi ambamo yai huhesabiwa kuwa pesa, nao mkate huhesabiwa kuwa chakula cha heshima. Lakini hebu tuangalie hesabu yenyewe.

Yai moja lina takriban gramu sita za protini. Vipande viwili vya mkate mweupe vina gramu tano hivi, na protini hiyo ya ngano ina upungufu wa lisini, ambayo ni mojawapo ya viungo ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Mtoto wa umri wa binti yule huhitaji kati ya gramu 25 na 30 za protini kwa siku ili misuli, damu na kinga yake vijengeke. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji karibu gramu 50. Isitoshe, mkate mweupe na chai ya sukari husagwa na kutoka tumboni upesi, ilhali chakula chenye protini hukaa zaidi. Ndiyo maana aliyekula yai hachungulii saa kila dakika akingoja chakula cha mchana.

Sikumwambia mama ampikie mtoto mayai matupu kila siku, maana nilijua jambo hilo halingedumu wiki mbili. Nilimwambia apike chapati za maji. Tatizo ni kwamba wengi wetu huzipika kwa unga mweupe, maji na sukari. Kikombe kimoja cha unga huo hutoa chapati sita, na kila moja huwa na gramu mbili tu za protini. Huo ni mkate uliobadilishwa umbo.

Kwa chapati sita zilizo bora, chukua nusu kikombe cha unga wa atta na nusu kikombe cha unga wa dengu, ule unaotumiwa kupikia bajia. Tia chumvi kidogo. Piga mayai matatu kwa uma, changanya na kikombe kimoja cha maziwa, kisha umimine polepole juu ya unga huku ukikoroga ili usifanye madonge. Rojo hilo liwe jepesi kama uji wa mtoto. Likiwa zito ongeza maji. Liache nusu saa, kwa sababu unga wa dengu hunywa maji polepole na usipoiva vizuri huwa mchungu na huleta gesi tumboni. Unaweza kulikoroga jioni ukaliweka kwenye friji. Kama huna friji, changanya unga mkavu usiku, nayo mayai na maziwa utie alfajiri.

Pasha kikaango moto wa wastani. Chovya nusu ya kitunguu katika mafuta, upake nacho kikaango, badala ya kumimina. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120, na wanaomimina kwa kila chapati hushangaa baadaye kwa nini uzito unapanda. Mimina upawa mmoja, zungusha kikaango ili rojo litandae, ngoja kingo zianze kujiinua, kisha geuza. Ya kwanza aghalabu huharibika. Ile hula mpishi.

Ukijumlisha, chapati moja ya namna hii ina gramu saba hivi za protini. Mtoto akila mbili, amepata karibu nusu ya mahitaji yake ya siku kabla hajavaa viatu. Lisini ambayo ngano imepungukiwa nayo hupatikana kwa wingi katika dengu, mayai na maziwa. Asiye na maziwa ya kawaida atumie mala. Asiye na mayai aongeze unga wa dengu, ila azipike ndogo na nene kwa kuwa zitapasuka.

Jambo jingine ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika dengu na mboga. Kwa mtoto ambaye damu imepungua, ni heri apewe chungwa au maji ya ndimu, na chai ingoje saa moja hivi.

Wenye kisukari wasitie sukari, na wakumbuke kwamba chapati hizi bado zina wanga, kwa hivyo zihesabiwe. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita ni maziwa ya mama pekee.

Mama yule alirudi baada ya mwezi mmoja. Binti hakuwa ameacha kusinzia kabisa. Nilipodadisi, ilibainika kwamba hutazama televisheni hadi saa tano usiku pamoja na kaka zake, nalo hilo tukalizungumzia. Lakini sasa husinzia mara chache, na mwalimu amekiri hivyo. Mkebe haujanunuliwa tena. Siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mayai matatu huwekwa kando, na yaliyosalia huenda dukani kama zamani.