Soko Kuu la Bujumbura: Funzo la Moto

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, moto uliteketeza Soko Kuu la Bujumbura, lililokuwa kitovu cha biashara ya Burundi nzima. Wazimamoto wa mji walizidiwa. Rwanda ikapeleka msaada wa helikopta. Wafanyabiashara wengi walibaki na madeni ya benki kwa mali iliyokwisha kuwa majivu. Biashara ikatawanyika katika masoko mengine, likiwemo la Ruvumera, mtaani Buyenzi.

Ni dhahiri basi kwamba soko si kuta na paa tu, bali ni mtaji wa maelfu ya jamaa uliowekwa mahali pamoja. Kwa hiyo maji ya kuzimia moto, njia za magari ya zimamoto na bima si anasa. Hivyo ni sehemu ya jengo, kama ulivyo msingi wake.