Dengu za Mawe za Giza



Yapata miaka 2,000 iliyopita, Mgiriki mmoja aitwaye Strabo alifika Misri kuzitazama piramidi za Giza. Kwenye vifusi vya mawe chini yake aliona punje ndogo, bapa, zenye umbo la dengu. Akaambiwa kwamba hayo ni makombo ya chakula cha mafundi waliojenga piramidi, yamegeuka mawe.

Hadithi tamu, lakini si kweli. Ukiipasua punje moja katikati, utakuta vyumba vidogo vidogo vimefuatana na kujizungusha kama mkeka uliokunjwa. Hiyo ilikuwa nyumba ya kiumbe cha baharini chenye seli moja tu! Wataalamu wanakiita numuliti, kwa Kilatini maana yake sarafu ndogo, na kweli vingine vilifikia upana wa sarafu.

Lakini Giza ni jangwa. Bahari ilitoka wapi?

Wako viumbe wa ukoo huo walio hai hadi leo katika bahari za joto, hata katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Wengi huhifadhi mwani ndani ya miili yao, na mwani huo hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mwanga haufiki kilindini, wala haupenyi maji ya tope. Basi mawe yaliyojaa numuliti yanatueleza kwamba zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, hapo Giza palikuwa na bahari ya joto, yenye maji ya kina kifupi, safi, yanayopenywa na jua.

Sanamu ya Sfinksi, hapo hapo Giza, imechongwa kwenye mwamba huohuo, nayo inasimulia zaidi. Tabaka la chini kabisa ni gumu: lilikuwa fungu la makombe chini ya bahari. Baadaye maji yakatulia, kama yanavyotulia nyuma ya mwamba wa matumbawe, na tope laini likatua polepole. Ndilo tabaka la kiwiliwili. Tazama picha yake vizuri: ubavuni kuna mistari iliyobonyea, mahali ambapo mawe ya tope yamelika kuliko mengine.

Kichwa kimo kwenye tabaka la juu, gumu kuliko la kiwiliwili, na ndiyo maana baada ya miaka 4,500 hivi uso wake bado unatambulika.